Figo zikipungua nguvu, ulinde moyo: mwongozo kwa wagonjwa na wanaowauguza Mtwara na Lindi

Mtu akiambiwa figo zake zimepungua nguvu, mawazo yote hukimbilia kwenye mashine ya kusafisha damu: ataipata wapi, nani atalipa, itabidi ahamie Dar es Salaam au la. Hofu hiyo ina haki yake. Lakini wengi wenye ugonjwa sugu wa figo hawafiki kwenye mashine. Moyo au kiharusi huwawahi. Figo zikishuka kiasi tu, mtu akiwa bado analima na kula vizuri, ateri na moyo huwa vimeshaanza kuumia kimyakimya.

Kwa hiyo anayeuguza figo anauguza na moyo, na kazi hizo mbili zinakwenda pamoja: karibu kila hatua inayozuia figo zisishuke zaidi huukinga na moyo. Hatua hizo tumezieleza hapa kwa watu wa Kusini, wanaokula ng'onda na kisamvu, wanaonunua dawa za maumivu kwenye duka la dawa muhimu la mtaani, na ambao mguu ukivimba neno la kwanza kutajwa ni matende.

Figo na moyo vinavyoumizana

Kila figo ina vichujio karibu milioni moja, na kila kichujio ni kishada cha mishipa midogo sana ya damu. Vyote kwa pamoja huchuja takriban lita 180 za majimaji kwa siku, kisha figo hurudisha mwilini karibu yote na kuacha lita moja au mbili zitoke kama mkojo. Ukilitazama hivyo, figo ni bonge la mishipa ya damu. Presha na sukari vinavyochakaza ateri za moyo na ubongo huchakaza na vishada hivi, nazo figo zikichakaa huanza kuirudishia mishipa madhara kwa njia zake.

Njia ya kwanza ni chumvi na maji. Figo dhaifu hushindwa kuitoa chumvi yote uliyokula. Chumvi inabaki, inavuta maji, mishipa inajaa na presha inapanda. Juu ya hapo, figo iliyoumia humwaga homoni zinazobana mishipa kana kwamba mwili umepungukiwa na damu. Moyo sasa unasukuma mzigo mkubwa kupitia njia iliyobanwa. Anayepulizia mikorosho kwa bomba la mkono analijua hili: pua ya bomba ikiziba nusu, inabidi apampu kwa nguvu zaidi ili dawa ifike juu ya mti. Misuli ya mkono wake itanenepa, na kwa mkono hilo si baya. Moyo ukinenepa kuta zake unakuwa mgumu, haujai damu vizuri, na mwisho unachoka.

Njia ya pili haijulikani sana mitaani. Fosfeti, ambayo ipo katika vyakula vingi, hutolewa na figo. Ikibaki kwenye damu inavuruga mizani ya kalsiamu, na kalsiamu inaanza kuganda ndani ya ukuta wa ateri kama chokaa. Hii ni tofauti na mafuta yanayoziba mshipa kwa ndani, ingawa mgonjwa wa figo hupata yote mawili. Ateri yenye chokaa haitanuki tena moyo unapopiga. Dalili yake utaiona kwenye mashine ya presha: namba ya juu inapanda, ya chini inabaki au inashuka. Presha ya 168/72 ina pengo la 96, wakati pengo la kawaida ni karibu 40. Pengo likizidi 60 kila unapopima, mwambie daktari, hata kama namba ya chini inapendeza.

Kuna na upungufu wa damu. Figo ndizo zinazotengeneza homoni ya kuuamuru uboho utengeneze chembe nyekundu, na amri ikipungua damu inapungua, moyo unakimbia zaidi ili kufidia. Ndiyo maana rozela na juisi ya kiazisukari peke yake haimwinui mgonjwa wa aina hii: shida yake mara nyingi ni ile homoni, au madini ya chuma ambayo yapimwe kwanza. Na mwisho kuna potasiamu. Ikizidi kwenye damu huvuruga umeme wa moyo, na mapigo yanaweza kusimama bila onyo la siku nyingi.

Vipimo vya kuomba

Usikubali kuambiwa tu "figo zina shida kidogo". Hospitali za rufaa za mikoa, Ligula kwa Mtwara na Sokoine kwa Lindi, ndizo mahali pa kuanzia ikiwa zahanati yako haina maabara ya damu. Kama mzee ana presha au sukari ya miaka mingi na hajawahi kupimwa figo, anayemsindikiza aseme waziwazi: "Shikamoo daktari. Mama ana presha miaka minane, tunaomba apimwe kreatini, potasiamu, wingi wa damu na protini ya mkojo." Ombi hilo si utovu wa adabu, daktari mwenye foleni ndefu hushukuru mtu anayejua alichokuja nacho.

Kreatini ni taka ya misuli inayotolewa na figo. Namba yake peke yake inadanganya, na hapa ndipo watu wengi hupotea. Kreatini ya maikromoli 120 kwa lita kwa kijana wa kiume wa miaka 30 maana yake figo zinachuja kwa kiwango cha mililita 72 hivi kwa dakika. Kreatini ileile ya 120 kwa mama wa miaka 65 maana yake ni 43 hivi, ambacho ni ugonjwa wa figo wa hatua ya tatu. Tofauti inatokana na umri na wingi wa misuli. Kwa hiyo uliza kiwango cha uchujaji, kile kinachoandikwa eGFR kwenye karatasi ya majibu. Kuanzia 90 ni kawaida. 60 hadi 89 si ugonjwa kama mkojo hauna protini wala figo hazina kasoro nyingine. 45 hadi 59 na 30 hadi 44 ni nusu mbili za hatua ya tatu. 15 hadi 29 ni ya nne. Chini ya 15 ni ya tano. Ili uitwe ugonjwa sugu, hali hiyo iwe imedumu miezi mitatu au zaidi. Kipimo kimoja wakati wa malaria kali au kuharisha hakitoshi kumhukumu mtu.

Kipimo cha mkojo watu hukidharau, nacho ndicho kinachosema zaidi kuhusu moyo. Albumini ni protini ya damu ambayo mshipa mzima hauiachii ipite. Ikionekana kwenye mkojo, maana yake kuta za mishipa ya figo zinavuja, na mara nyingi kuta za mishipa mingine mwilini nazo zimeumia. Uwiano wa albumini na kreatini ukiwa chini ya miligramu 30 kwa gramu ni salama. 30 hadi 300 ni onyo. Zaidi ya 300 ni hatari kubwa kwa figo na moyo pia. Kama maabara ina kijiti cha mkojo tu, kitumike hichohicho, kwa mkojo wa kwanza wa asubuhi. Usipime ukiwa na homa, ukiwa kwenye hedhi, au siku uliyobeba magunia. Na kwa kuwa kichocho cha mkojo bado kipo mikoa yetu, damu ya kichocho inaweza kukipa kijiti alama ya protini. Mtu atibiwe kwanza, kisha arudie. Kichocho kilichoachwa miaka mingi chenyewe huweza kuziba njia za mkojo na kuharibu figo, kwa hiyo usikipuuze.

Kwa upande wa moyo, omba kipimo cha umeme wa moyo walau mara moja, na picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti kama unahema unapopanda mlima wa kawaida au umevimba miguu.

Kupima presha nyumbani bila kujidanganya

Mashine ya mkono wa juu ni bora kuliko ya kiganja. Siku ya kwanza ipeleke kliniki uilinganishe na ya pale. Mkanda uenee mkononi: mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa namba kubwa kuliko ukweli.

Nenda haja ndogo kwanza. Usiwe umekunywa kahawa, kuvuta sigara wala kutia ugoro kwa nusu saa. Kaa kwenye kiti chenye mgongo, si kwenye mkeka wala kigoda, nyayo zote mbili chini, miguu isipishane. Tulia dakika tano bila kuongea. Mkono ulale juu ya meza, usawa wa kifua, kiganja kikitazama juu, mkanda ukigusa ngozi na si juu ya nguo. Mkono ukining'inia, presha itasoma juu. Pima, subiri dakika moja au mbili, pima tena, andika zote mbili. Fanya hivyo asubuhi kabla ya dawa na jioni kabla ya kula, kwa siku saba. Futa za siku ya kwanza, za siku zilizobaki zitafutie wastani. Karatasi hiyo ni ya thamani kuliko namba moja iliyopimwa kliniki baada ya safari ya bodaboda.

Wastani wa nyumbani wa 135/85 au zaidi ni presha iliyopanda. Kwa mwenye figo zilizopungua, lengo la kawaida ni kushuka chini ya 130/80, na wengine daktari atawashusha zaidi. Mzee anayepepesuka ana lengo lake: mpime tena akiwa amesimama, ndani ya dakika tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, dawa zitazamwe upya kabla hajaanguka.

Mguu umevimba: ni matende?

Pwani yetu ina matende na mabusha, na kwa sababu hiyo uvimbe wa moyo na figo hucheleweshwa miezi. Fanya hivi. Mgonjwa akae, miguu ikining'inia. Weka kidole gumba juu ya mfupa wa mbele wa mguu, vidole vinne juu ya kifundo, bonyeza kwa nguvu ya wastani na uhesabu polepole hadi kumi. Ondoa. Ngozi ikibaki na shimo kama unga wa ugali uliobonyezwa, na shimo likachukua muda kujaa, hayo ni maji. Fanya na mguu wa pili.

Uvimbe wa moyo au figo huwa miguu yote miwili, huongezeka jioni, na mara nyingi uso na kope huwa vimejaa asubuhi. Matende kwa kawaida huanza au huzidi mguu mmoja, ngozi inakuwa nene na ngumu, na yakikomaa kidole hakiachi shimo. Zipo hali za katikati, kwa hiyo mwenye shimo kwenye miguu yote miwili apimwe mkojo na kreatini wiki hiyohiyo, hata kama babu yake alikuwa na matende.

Kisha apimwe uzito kila asubuhi, baada ya haja na kabla ya chai, kwa mizani ileile. Kilo mbili zikiongezeka ndani ya siku tatu, hayo ni maji. Nyama haijengeki haraka hivyo. Mpigie simu au mfuate mtoa huduma kabla hajaanza kuhema.

Na maji ya kunywa? Ushauri wa "kunywa maji mengi yasafishe figo" umeshawaumiza watu. Mwenye figo zilizopungua asiyevimba anywe kadiri ya kiu na jua la siku hiyo. Aliyevimba, au mwenye moyo uliochoka, hupangiwa kiasi na daktari.

Jikoni

Ugali wa muhogo hauna chumvi. Shida iko kwenye kitoweo. Kikomo cha mtu mzima ni gramu 5 za chumvi kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa kwa kisu, ikihesabiwa na ile iliyomo kwenye mkate, samaki mkavu na viungo vya paketi. Kwa sababu hizo zilizojificha, chumvi ya kutia jikoni isizidi gramu 3 kwa mtu. Hesabu ya nyumba ya watu watano ni gramu 15 kwa siku. Pakiti ya nusu kilo ikiisha kabla ya mwezi, mnazidisha. Huu ndio mtego mzuri kuliko kubishana mezani: andika tarehe kwenye pakiti siku ya kuifungua. Isitumike pakiti hiyo kukaushia samaki, hesabu itapotea.

Magadi yanayotiwa kwenye mlenda, kunde au kisamvu ili vilainike yana sodiamu ileile iliyomo kwenye chumvi. Loweka kunde usiku, utapunguza haja ya magadi. Vidonge na unga wa kuunga mchuzi, acha. Tui la nazi, kitunguu saumu, tangawizi, ndimu na pilipili vinatosha kuutengeneza mchuzi ambao mtu hataukataa. Ulimi huizoea chumvi ndogo baada ya wiki chache, kwa hiyo punguza robo, kaa nayo, kisha punguza tena. Ukikata yote siku moja, mgonjwa atakwenda kula kwa jirani.

Ng'onda na papa mkavu ndio mahali penyewe. Samaki mbichi wa pwani, changu, tasi au vibua, ni bora kila siku anapopatikana. Huku bara, Newala, Nachingwea au Liwale, mkavu ndiye anayefika, kwa hiyo tuseme namna ya kumtoa chumvi. Mkate vipande vyenye unene wa vidole viwili. Kipande kikubwa chumvi ya katikati haitoki. Mkung'ute, msuuze mara mbili. Nusu kilo iloweke katika lita tatu za maji, mwaga na kubadilisha kila baada ya saa moja, mara tatu. Usimlaze usiku kucha kwenye maji nje ya friji, kwa joto letu ataharibika. Baada ya hapo chemsha dakika kumi katika maji mapya, mwaga maji hayo, ndipo umpike. Mchuzi wake usitiwe chumvi tena. Onja kipande cha katikati: ulimi ukiwasha bado, rudia kuchemsha. Hata hivyo hubaki na chumvi, kwa hiyo awe wa mara moja kwa wiki. Aliyekaushwa kwa moshi bila chumvi anafaa zaidi, ukimwamini anayekuuzia.

Kuhusu potasiamu, usijinyime kabla ya kupimwa. Mtu mwenye potasiamu ya kawaida kwenye damu, kati ya milimoli 3.5 na 5.0 kwa lita, hufaidika na matunda na mboga, na presha yake pia. Aliyezidi ndiye wa kubana. Madafu kwake ni hatari isiyo na sura ya hatari: glasi ya mililita 240 ina potasiamu ya miligramu 400 hadi 600, na dafu moja kubwa hujaza zaidi ya glasi moja. Ndizi mbivu ya wastani ina 400 hivi. Kisamvu akikitaka, kitwangwe, kichemshwe kwenye maji mengi, maji yamwagwe, ndipo kiungwe. Ndizi za kupika na viazi vikatwe vipande vidogo na kufanyiwa hivyohivyo. Chumvi mbadala inayouzwa kwa wenye presha, nyingi ni za potasiamu. Mwenye figo dhaifu asiiguse bila kuuliza.

Korosho tunalima wenyewe, na swali huja kila mara. Kiganja kimoja, gramu 30, kina potasiamu ya miligramu 200 hivi na fosforasi karibu 180. Kiganja cha korosho zisizo na chumvi si kosa kwa wengi wa hatua ya tatu. Sahani nzima wakati wa mavuno ni kosa kwa wa hatua ya nne na ya tano. Fosforasi ya mimea mwili hufyonza sehemu tu, ilhali ile inayoongezwa kiwandani, kwenye soda nyeusi na soseji, hufyonzwa karibu yote. Ukitaka kuilinda ateri na chokaa, anza kwa kuacha soda nyeusi.

Juisi ya mabilimbi iachwe kabisa. Mabilimbi yana asidi ya oksaliki nyingi, ambayo huganda chembechembe ndani ya figo. India kuna watu wazima ambao figo zao ziliumia ghafla baada ya kunywa juisi yake kali wakitafuta dawa ya mafuta ya damu. Mchuzi wako tia ndimu.

Dawa: za kushika na za kuogopa

Msimu wa korosho, kuanzia Oktoba, watu huinama kuokota siku nzima, na jioni mgongo unapowaka hununua diklofenaki au ibuprofeni. Dawa za kundi hilo hubana mshipa unaoingiza damu kwenye kichujio, huzuia chumvi na maji yasitoke, hupandisha presha, na hudhoofisha dawa za presha ulizokunywa asubuhi. Zikikutana na dawa za presha kama enalaprili au losartani, pamoja na dawa ya kukojoa, kwa mtu aliyekaushwa na jua, figo zinaweza kuzima kwa siku chache. Duka la dawa likiulizwa "dawa ya mgongo", mara nyingi hutoa vidonge vyenye diklofenaki iliyochanganywa na parasetamoli. Geuza pakiti usome. Omba parasetamoli peke yake, miligramu 500 hadi 1000 kwa mara moja, isizidi gramu 4 kwa siku, na pungufu ya hapo kwa mwenye mwili mdogo au ini bovu. Dawa za mitishamba za "kusafisha figo" hazina kipimo kinachojulikana, na ipo mimea inayoharibu figo. Kama umeshakunywa, mwambie daktari bila kuona haya.

Enalaprili, lisinoprili au losartani ni nguzo kwa mwenye albumini kwenye mkojo, kwa sababu hupunguza msukumo ndani ya kichujio chenyewe. Mbili za kundi hili hazinywewi pamoja. Wiki mbili hadi nne baada ya kuanza au kuongeza dozi, pima kreatini na potasiamu. Kreatini kupanda hadi asilimia 30 inavumilika: kutoka 120 hadi 150 endelea, kutoka 120 hadi 165 rudi kwa daktari. Wengi huacha dawa hapa wakiamini "inaua figo", na huo ndio uamuzi unaowagharimu moyo. Kikohozi kikavu kikija na enalaprili, omba kubadilishiwa losartani. Midomo au ulimi ukivimba, acha dawa na uende hospitali saa hiyohiyo. Mjamzito, au anayetaka mimba, asizitumie.

Aliyefika miaka 50 na ana ugonjwa wa figo huhitaji kuzungumza na daktari kuhusu dawa ya mafuta ya damu, kama atorvastatini, hata kolesteroli ikiwa ya kawaida, kwa sababu kinachohesabiwa ni hatari ya mishipa yote. Dapagliflozini na ndugu zake, ambazo ni dawa za sukari, hulinda figo na moyo hata kwa baadhi ya wasio na sukari. Uliza kama inapatikana na kama inakufaa. Metformini, dawa nyingine ya sukari, hupunguzwa uchujaji ukiwa chini ya 45 na kusimamishwa chini ya 30. Asipirini si ya kila mtu: ni ya aliyewahi kupata shambulio la moyo au kiharusi cha mshipa kuziba, na kwa agizo.

Siku ya kuharisha au kutapika mfululizo, dawa za presha za kundi la enalaprili na losartani, za kukojoa, metformini na dapagliflozini husimamishwa kwa muda, hadi unapokula na kunywa kawaida kwa siku moja au mbili. Uliza mapema kliniki ni zipi zako, uziandike nyuma ya kadi. Insulini haisimamishwi kwa uamuzi wa nyumbani. Kunywa maji ya chumvichumvi ya paketi kama kawaida, na kama hali haitulii ndani ya siku moja, nenda ukapimwe.

Pale ambapo hakuna kusubiri asubuhi

Kifua kubana kwa zaidi ya dakika chache, hata kama kinaonekana kama kiungulia. Mwenye sukari anaweza kupata shambulio la moyo bila maumivu makali, akahisi tu jasho baridi na kuishiwa nguvu. Kushindwa kulala chali, kuamka usiku ukitafuta hewa. Mdomo kupinda, mkono kulegea, maneno kuvurugika. Mapigo kurukaruka pamoja na miguu kuishiwa nguvu ghafla kwa mtu mwenye figo dhaifu, hiyo ichukuliwe kuwa potasiamu hadi ithibitike vinginevyo. Maumivu ya kifua yanayopungua mtu akiinama mbele, pamoja na kichefuchefu na kwikwi isiyokoma, yanaweza kuwa taka za damu zimeuwasha mfuko wa moyo. Mkojo kukauka kwa nusu siku.

Presha ya 180/120 pamoja na dalili yoyote kati ya hizo ni dharura. Bila dalili, mgonjwa atulie, apimwe tena baada ya dakika tano, na ikibaki hapo aonwe siku hiyohiyo. Asipasuliwe kidonge chini ya ulimi ili ishuke haraka: presha ikiporomoka ghafla, ubongo na figo hukosa damu.

Anayehema asilazwe. Mketishe wima, miguu ikining'inia, hata ndani ya gari. Ukiwa Tandahimba au Ruangwa, namba ya dereva wa gari iwe ndani ya simu tangu leo, maana bodaboda haimfai mtu anayepigania pumzi. Dawa zote za nyumbani, pamoja na zile za mitishamba, zitiwe kwenye mfuko mmoja ziende naye, na karatasi ya presha na ya kreatini ya mwisho iwe juu kabisa, ili anayempokea aione kabla hajaanza kuuliza.